Ni Injini Ipi Iliyovuta Treni ya Kampala?

Katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama injini ya mvuke yenye namba 5918 na jina la Mount Gelai, mlima ulio kando ya Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania. Boila yake ina kipenyo cha zaidi ya mita mbili na robo, ilhali njia iliyokuwa ikipita ina upana wa mita moja tu kati ya reli na reli. Mtu akisimama mbele yake hana budi kuamini kwamba hapo ndipo ulipokuwa ufalme wote wa gari la moshi Afrika Mashariki, na kumbukumbu za wengi humalizia hadithi papo hapo: hili ndilo dude lililovuta treni ya abiria kutoka Mombasa hadi Kampala. Hoja yangu ni kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Treni ya Kampala ilikuwa moja kwa abiria aliyekata tikiti Mombasa na kushuka Kampala na mizigo yake. Kwa watu wa reli ilikuwa vipande vilivyounganishwa, na kila kipande kilikuwa na injini zake. Mkubwa wa karakana alipanga injini kila siku, lakini alipanga ndani ya mipaka iliyokwisha kuwekwa na chuma kilicholazwa ardhini. Kwa hiyo anayetaka kujua injini ipi ilivuta treni ipi na aanze na njia yenyewe, kisha aende kwenye karatasi, na picha aifikie mwisho. Wengi huanza na picha, na ndipo wanapopotea.

Tuitazame njia. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na ikagusa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwezi Desemba 1901. Kutoka pwani hadi Nairobi treni hupanda zaidi ya mita 1,600 katika mwendo wa kilomita 530 hivi. Baada ya Nairobi hupanda tena, huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, hupita Naivasha na Nakuru, kisha njia ya Eldoret hukwea hadi Timboroa, stesheni iliyo juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Kampala ilifikiwa mwaka 1931, Mto Nile ulipopata daraja lake pale Jinja. Njia ya mwanzo ilitandikwa kwa reli nyepesi, za pauni 50 kwa yadi, yaani kama kilo 25 kwa kila mita. Baadaye sehemu ya Mombasa hadi Nairobi ikapewa reli za pauni 80, na hatimaye nzito zaidi ya hizo, kwa sababu ndiko shehena ya bandari ilikokuwa ikipita. Upande wa Uganda ulibaki mwepesi kwa muda mrefu. Abiria aliyelala usingizi behewani hakuihisi tofauti hiyo, lakini injini ilihukumiwa kwayo.

Hukumu hiyo hupimwa kwa uzito wa ekseli. Injini nzito si lazima ivunje reli, mradi uzito wake ugawanywe juu ya ekseli nyingi za kutosha. Kinachoumiza reli, mataruma na madaraja ni mzigo unaokaa juu ya ekseli moja. Ndiyo maana Reli ya Kenya na Uganda, kama ilivyoitwa kuanzia mwaka 1926, iligeukia mwaka huohuo injini za aina ya Garratt. Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza, alikuwa amebuni mashine yenye boila moja iliyoning'inizwa katikati ya vitengo viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na pistoni zake. Mashine hiyo hujikunja kwenye kona kama jongoo na huweza kuwa ndefu bila kulemea mahali pamoja. Mwaka 1939 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilianza kuleta kundi la EC3: injini za tani 186 hivi zilizogawanywa juu ya ekseli 16, hata kila ekseli inayosukuma ikabeba chini ya tani 12. Zilikuwa Garratt za kwanza duniani zenye mpangilio huo wa magurudumu. Mpangilio huo haukuwa urembo wala mashindano. Ulitokana na reli za pauni 50 za kuelekea Kampala, zilizodai nguvu kubwa katika miguu mingi myepesi.

Sasa tulinganishe na Mount Gelai. Kundi lake, la 59, liliundwa na kampuni hiyohiyo mwaka 1955 na 1956, injini 34 kwa jumla, kila moja ikiwa na tani 252 hivi juu ya ekseli 14. Ekseli zake za kusukuma zilibeba karibu tani 21 kila moja. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani, na ziliundwa kupandisha tani 1,200 za shehena kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hapo jibu la kwanza linajitokeza bila kufungua faili hata moja. Mashine yenye tani 21 kwa ekseli haiwezi kupita mahali palipotengenezwa kwa tani 12. Muda mfupi kabla ya hapo shirika la reli lilikuwa limenunua pia kundi la 60, Garratt 29 za mwaka 1953 na 1954, zenye tani 11 hivi kwa ekseli, na hizo ndizo zilizoweza kwenda kwenye njia nyepesi. Treni iliyotoka Mombasa na injini ya kundi la 59 haikuweza kufika Kampala na injini hiyohiyo. Kubadilisha injini Nairobi ilikuwa sheria ya chuma, na anayeandika kwamba injini ya kundi la 59 "ilivuta treni ya Kampala" ameunganisha safari mbili katika sentensi moja.

Nitajibiwa kwamba zipo picha za injini za kundi la 59 zikiwa na mabehewa ya abiria nyuma yake. Zipo, na hazipingani na nilichosema. Uzito wa ekseli hutuambia injini isingeweza kwenda wapi. Hautuambii ilikwenda wapi siku fulani. Kati ya Mombasa na Nairobi injini yoyote iliyoruhusiwa ingeweza kufungwa kwenye treni ya abiria, na nyingi zilifungwa. Hili ni muhimu, kwa sababu msomaji wa vitabu vya reli za Ulaya huja na dhana kwamba kulikuwa na injini za abiria zenye magurudumu marefu ya kukimbia, na injini za mizigo zenye magurudumu mafupi ya kuvuta. Kwenye njia hii ya milima na kona, injini kuu zilikuwa za kazi zote. Magurudumu ya kusukuma ya EC3 na ya kundi la 59 yana kipenyo kilekile, futi nne na nusu, ingawa moja huhusishwa na safari ndefu za bara na nyingine na shehena ya bandari. Mgawanyo tunaouona leo kwenye reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ambako injini za abiria za DF11 na za mizigo za DF8B ni makundi mawili tofauti, haukuwa wa zama za mvuke. Kuuliza kama kundi la 59 lilikuwa "la abiria" au "la mizigo" ni kuipelekea karne nyingine swali letu.

Picha zina tatizo kubwa zaidi, nalo ni saa. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi kwa miaka mingi ilikuwa ya usiku: huondoka jioni, hufika asubuhi. Mpiga picha wa wakati huo alihitaji jua. Kwa hiyo treni ya abiria ilipigwa picha karibu na ncha zake, ikitoka stesheni au ikikaribia kufika, na sehemu yote ya katikati, Voi, Mtito Andei, Makindu, ilipita gizani. Treni za mizigo zilitembea mchana kutwa kwenye nyika ile iliyo wazi, moshi umesimama juu kama mnara, na ndizo zilizojaa katika albamu. Mashabiki wa mvuke waliosafiri kutoka Ulaya katika miaka ya 1970 walijua kwamba mashine hizi zinakaribia kuzimwa, wakaelekeza kamera kwenye kilichokuwa kinakufa. Injini za dizeli za English Electric, kundi la 90 lililoanza kuja mwaka 1960 na baadaye likaitwa 87, zilikuwa zinafanya kazi siku hizohizo, lakini ni wachache waliosafiri kutoka bara jingine kwenda kuzipiga picha. Mtu akihesabu picha zilizochapishwa na kudhani amehesabu treni, atakuwa amehesabu mapenzi ya wapiga picha.

Simaanishi tuzitupe picha. Zikisomwa kwa jicho kali hutoa tarehe hata pale ambapo mpiga picha hakuandika neno nyuma. Namba yenyewe ni hati. Baada ya Reli ya Kenya na Uganda kuunganishwa na Reli ya Tanganyika mwaka 1948, mfumo mpya wa namba uliwekwa: tarakimu mbili za kwanza ni kundi, mbili za mwisho ni nafasi ya injini ndani ya kundi. 5918 ni ya 18 katika kundi la 59. Kwa mfumo huo EC3 zikawa kundi la 57, EB3 zikawa 24, na EA, zile injini sita kubwa za mwaka 1928, zikawa 28. Mtafiti anayekutana na EC3 katika waraka wa 1946 na 57 katika waraka wa 1954 anaweza kuandika kwamba treni ilibadilishiwa injini, kumbe kilichobadilika ni rangi ya namba. Majina nayo husema. Kundi la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Ile iliyohifadhiwa Nairobi, 6006, iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Baada ya uhuru vibao hivyo viling'olewa. Picha yenye kibao cha gavana ni ya kabla, na picha yenye mahali patupu pa kibao ni ya baada. Vivyo hivyo dohani. Shirika lilizifungia injini zake nyingi kifaa cha Giesl, kilichovumbuliwa Austria, ambacho hulifanya bomba la moshi liwe bapa na refu kutoka mbele kwenda nyuma, badala ya duara. Injini ya kundi la 59 yenye dohani ya duara imepigwa picha mapema katika maisha yake. Hata herufi za jina la shirika ubavuni hufaa, kwa kuwa bandari zilitengwa na reli kuwa shirika lake mwaka 1969, na shirika lote la pamoja likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Karatasi ndizo zinazojaza pengo lililobaki, nazo zina ngazi, na si vizuri kuzichanganya. Ratiba iliyouzwa kwa abiria haitaji injini kabisa. Ratiba ya ndani, waliyopewa madereva, magadi na wakuu wa stesheni, hutaja mizigo inayoruhusiwa: kundi fulani likipanda kutoka stesheni hii hadi ile livute tani ngapi. Hiyo ni hazina, kwa sababu mtu akijua idadi ya mabehewa anaweza kujua ni makundi gani yangetosha na yapi yangeshindwa mlimani. Orodha ya karakana huonyesha injini zipi zilikuwa chini ya karakana ipi. Hapa ndipo kosa la kawaida hutendeka: mtu huona injini imepangiwa karakana ya Nairobi, akaandika kwamba ilivuta treni za abiria za Nairobi. Kupangiwa karakana ni sawa na kuandikishwa katika kikosi, na mwenye kuandikishwa hajasema bado alipelekwa zamu gani. Injini ya karakana hiyo ingeweza kupeleka mawe, ikasubiri kuoshwa boila, ikasukuma mabehewa uwanjani, kisha siku moja ikaitwa kushika treni ya abiria kwa sababu iliyopangwa imevuja bomba. Ushahidi wa siku yenyewe uko katika kumbukumbu za safari, hasa daftari la gadi, ambaye aliandika namba ya injini, uzito wa treni, saa ya kufika na ya kuondoka, na dakika zilizopotea pamoja na sababu yake. Mstari mmoja wa daftari hilo una uzito kuliko picha ishirini. Tatizo ni kwamba ndiyo karatasi iliyoonekana haina thamani baada ya mwezi mmoja.

Hoja nyingine itakayoletwa ni ile ya wazee: kwa nini tupekue makaratasi wakati wapo watu waliofanya kazi hiyo? Ni hoja nzuri, na naipa heshima kuliko ile ya picha. Injini za kundi la 59 ziliendeshwa kwa utaratibu wa kuwapa timu mbili injini yao. Nyuma ya injini lilifungwa behewa la kulala, timu moja ikiwa kazini na nyingine ikipumzika humo, kisha wakapokezana njiani, na safari nzima wakaikamilisha kwa zamu. Mtu aliyeishi hivyo na mashine moja kwa miaka haisahau namba yake. Anajua ilivyovuma ikipanda na inavyokataa asubuhi ya baridi. Lakini kumbukumbu hiyo ina tabia yake: ni imara kwenye namba, ni dhaifu kwenye mwaka, na huelekea kuweka siku bora mahali pa siku nyingi. Mzee akisema alishika treni ya abiria kwa injini fulani, nimwamini kwamba alishika. Akisema kwamba ndiyo injini iliyokuwa ikiishika kila siku, hapo nitatafuta daftari la gadi, bila kumvunjia heshima, kama hakimu anavyotafuta shahidi wa pili.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya wageni wanaokusanya namba, na kwamba historia ya watu wetu haimo ndani ya dohani. Naona ni kinyume chake. Mahali injini ilipobadilishwa ndipo watu walipokaa. Nairobi ilikuwa mahali ambapo uzito unaoruhusiwa ulibadilika, na kwa hiyo palihitajika karakana, wasafishaji, mafundi wa boila, wachochea moto, na nyumba za kuwaweka; mitaa ya Muthurwa na Makongeni ilizaliwa kuwa makao ya watumishi wa reli. Makindu, katikati ya nyika, pana hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926 na watumishi wa reli wa dini hiyo, kwa kuwa palikuwa kituo cha kuhudumia injini na watu walishinda na kulala hapo. Injini ya baadaye yenye tangi kubwa na timu yake ya akiba nyuma haikuhitaji tena kituo cha namna hiyo kila baada ya saa chache. Kwa hiyo mtu akionyesha kwa hakika ni mwaka gani treni ya usiku ilianza kuvutwa na mashine iliyobeba timu zake zote mbili, amesema jambo kuhusu mishahara, ndoa na maduka ya miji hiyo midogo. Vitabu vya reli vimeandika vizuri mashine; Roel Ramaer amezipa kitabu kizima alichokiita kwa Kiswahili Gari la Moshi. Kilichobaki kwetu ni kuunganisha mashine na zamu, na zamu na watu wake, na uunganisho huo hauwezekani bila kujua injini ipi ilifungwa kwenye treni ipi, tarehe ipi.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa ushahidi. Anza na njia, upate orodha fupi ya injini zilizowezekana. Linganisha orodha hiyo na tani zilizoruhusiwa mlimani. Tafuta daftari la siku. Kisha iweke picha mezani na uisome namba, kibao, dohani na herufi, uone kama inakubaliana. Ikikataa, usiilazimishe; huenda siku hiyo injini iliyopangwa iliharibika, na hapo umepata habari mpya. Kwa treni ya Kampala, utaratibu huu unatupa jibu ambalo si la kusisimua kama lile la makumbusho, lakini ni la kweli zaidi: Mount Gelai na ndugu zake wangeweza kuileta treni hadi Nairobi kutoka pwani, na kutoka hapo mabehewa yaliendelea na mashine nyepesi zenye miguu mingi, zilizojengwa kwa ajili ya reli hafifu za bara, ambazo ni wachache wanaozitaja leo.

Daftari nyingi za magadi na za madereva hazikuwahi kufika katika hifadhi yoyote. Zilirudi nyumbani na wenyewe walipostaafu, kabla na baada ya mgawanyo wa 1977, zikawekwa sandukuni Mombasa, Voi, Nakuru, Tabora, Tororo. Msomaji ambaye baba au babu yake alikuwa mtumishi wa reli, tafadhali fungua sanduku hilo kabla mchwa hawajalifungua. Ukikuta daftari lenye namba za tarakimu nne na saa zilizoandikwa kwa penseli, usilichane wala usilipange upya. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, andika jina la stesheni alizofanyia kazi na miaka unayoijua, na ulipeleke makumbusho ya reli au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu nawe.